Wa Mbele Hageuki

Jamani, kaeni vizuri. Kama una chai iweke chini, kama una mtoto mpe mtu amshike, maana hii habari nimekaa nayo tangu jana jioni na nikiendelea kukaa nayo nitapasuka. Nimepanda mlima na Msumeno. Ndiyo, Msumeno yuleyule. Na aliyekuwa katikati yetu mwendo mzima ni mama yangu mzazi, kavaa mabuti ya marehemu baba.

Ngojeni nianze mwanzo, maana nikianzia hapo mtasema natunga.

Mimi kazi yangu ni kutangaza hali ya njia. Pale getini, chini ya mlima, kuna kibanda chenye kipaza sauti, na kila asubuhi ya kiangazi nawaambia wapandaji tope liko wapi, mto umejaa kiasi gani, mti upi umeanguka, na nani arudi nyumbani akavae viatu vya maana. Ndiyo sababu watu wananiita Redio. Wenyewe wanadhani ni kwa ajili ya kipaza sauti. Kumbe jina nililipata zamani, na aliyenipa ni Msumeno mwenyewe, siku ambayo nitawasimulia hapo mbele nikiweza kuisimulia bila sauti kukwama.

Sasa, mwanzo wa kiangazi, kabla geti halijafunguliwa, lazima njia yote itembelewe hadi kibanda cha juu na kurudi siku hiyohiyo. Huku chini watu wameshaweka makoti kabatini, lakini mlima wenyewe bado haujapata taarifa. Njia inachuruzika maji kama shati lililoanikwa bila kukamuliwa. Miti iliyoangushwa na upepo wa baridi imelala ovyo. Na kule juu, penye kivuli, theluji imekaa tu kama mgeni aliyesema anaondoka halafu akaomba chai nyingine.

Hiyo safari ya kwanza huenda watu watatu, mstari mmoja. Mmoja akiumia, mmoja anabaki naye, mmoja anashuka kuita watu. Wa mbele anaita kile anachokikanyaga: "Mzizi!" Wa katikati anaitikia, "Mzizi!" Wa nyuma naye, "Mzizi!" Ndivyo hivyo mpaka juu. Tunasema kuitikia njia. Na sheria kubwa kuliko zote ni kwamba wa mbele hageuki. Macho yake ni mali ya njia. Akitaka kujua kama wenzake wapo, anasikiliza. Asiposikia, anasimama papo hapo, macho mbele, mpaka aitikiwe.

Mwaka huu tulitakiwa mimi, mzee mmoja anayetengeneza kamba na ngazi, na mkata miti kutoka kituo cha upande wa pili wa mlima. 

"Mkata miti gani?" nikamuuliza Mkuu wetu.

Mkuu akaanza kupanga kalamu zake mezani. Mtu mzima akianza kupanga kalamu, ujue.

"Yule kijana."

"Kijana yupi?"

"Yule... wa msumeno. Kaomba mwenyewe kuja."

Nikatoka ofisini bila kufunga mlango. Hebu nieleweni. Mwisho wa kiangazi kilichopita yule mtu alikuja nyumbani kwetu, kanyoa, kavaa shati lenye mikunjo ya dukani, akakaa kwenye kiti cha baba akazungumza na Mama. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha maji huku moyo unaruka kama kifuniko cha birika. Niliporudi na chai, kiti kitupu. Mama akaniambia, "Kaenda." Wiki hiyohiyo akahamia upande wa pili. Simu zangu zikaita baridi nzima hazikupokelewa. Hakuna neno. Mimi, Redio, nikakosa cha kutangaza.

Kisha yule mzee wa kamba akavimba jino. Shavu likawa kama kachomeka chungwa. Tukabaki wawili, na wawili hawaruhusiwi.

"Nitakwenda mimi," Mama akasema.

Alikuwa kwenye cherehani yake, pini mdomoni, anapunguza kiuno cha suruali. Nilidhani nimesikia vibaya.

"Mama, uende wapi?"

"Mlimani. Wewe unafikiri hiyo njia ilianza mlipoanza ninyi? Baba yako alikuwa mwongoza wapandaji, na safari ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa wa katikati, miaka kabla hujazaliwa. Nenda kamwambie Mkuu wenu."

"Mkuu hatakubali."

Mama akainua ile suruali kwenye mwanga, akaitazama. "Hii ni ya nani?"

Ilikuwa ya Mkuu. Mkuu alikubali.

*

Asubuhi tulimkuta getini kafika zamani. Jamani. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimejiambia nitamtazama kama mtu anavyotazama nguzo ya umeme. Lakini kageuza shingo tu, na ile kofia yake ya sufu, ileile iliyoungua ukingo tulipokuwa tunakausha soksi kwenye moto siku za chuo, bado kaivaa. Msumeno wa kukatia miti mgongoni, kamba begani. Kakonda kidogo. Akanitazama, nikatazama fundo la kamba la kiatu changu, ambalo halikuwa na shida yoyote.

"Shikamoo Mama," akasema.

"Marahaba, kijana. Mbele." Mama hakuwa na mengi. "Mimi katikati. Wewe Redio, nyuma. Na maneno ni ya njia tu. Asije mtu akaanza hadithi."

Basi tukaanza.

"Maji juu ya njia!" akaita.

"Maji juu ya njia," Mama akaitikia, kwa sauti ya mtu anayepokea malalamiko.

Ikaja zamu yangu. Mtu ambaye nimeapa sitamsemesha mpaka kufa. Lakini sheria ni sheria. "Maji juu ya njia," nikasema, na nikaona mabega yake yameshuka kidogo, kama mtu aliyekuwa amebana pumzi.

"Mzizi!"

"Mzizi."

"Mzizi."

"Tope la kifundo, pita kushoto!"

"Tope la kifundo. Mabuti haya mazito kama deni la... Redio, kushoto!"

"Kushoto, Mama, nimesikia."

Njia yenyewe, niwaambieni ukweli, ilikuwa mbaya na ilikuwa nzuri. Msitu wa misonobari ulikuwa unadondoka maji kila jani. Maua madogo meupe yametokeza pembeni mwa theluji iliyobaki, na mbu wachanga wa mwanzo wa kiangazi wametuzunguka kama tumewaalika. Tukikuta mti umelala, Msumeno anavua koti, anaukata, harufu ya utomvu inajaa hewani. Na mimi nasimama nyuma ya mama yangu, nanusa, na najiona nipo chuo tena.

Maana ni njia hiihii. Mwaka wetu wa mwisho, yeye anasoma misitu, mimi mawasiliano, klabu ya matembezi ikatuleta hapa mwanzo wa kiangazi. Nilivaa raba nyeupe. Nyeupe! Akaniangalia miguu, akaniangalia usoni, akasema tu, "Wewe kaa nyuma yangu." Akanifundisha kuitikia. Lakini mimi nilikuwa siitikii, nilikuwa naongeza. Yeye akisema, "Jiwe linacheza!" mimi nasema, "Jiwe linacheza, tena limekaa kama meza ya shangazi yangu ile yenye mguu mfupi, unaijua, ukiweka kikombe tu..." Akawa anatetemeka mabega mbele yangu. Nikadhani anaumwa. Kumbe anacheka, na hawezi kugeuka. Tulipofika juu akaniambia, "Nimetembea na watu wengi. Sijawahi kutembea na redio." Na tulikunywa chai kwenye kikombe kimoja cha bati kisicho na mkono, mvua ikaanza, tukajifunika koti lake la njano watu wawili, na nakumbuka sikio langu moja lilikuwa kavu na moja limelowa, na sikutaka kusogea hata kidogo.

"Jiwe linacheza!" akaita mbele.

"Jiwe linacheza," Mama.

Nikafungua mdomo. Maneno ya ile meza ya shangazi yalikuwa yamekaa ulimini kabisa. Nikayameza. "Jiwe linacheza."

Mabega yake hayakutetemeka. Alisimama kidogo tu, kama anangoja mengine, halafu akaendelea.

*

Katikati ya njia kuna jiwe pana lenye mgongo, tunaliita Sofa. Hapo ndipo wote hupumzika. Mama akakaa katikati ya Sofa, akatuelekeza kwa kidole, mmoja huku, mmoja kule. Akamimina chai.

"Kijana, chai."

"Asante, Mama."

"Nimetia tangawizi. Ukikohoa usiseme hukuambiwa."

Akanywa, akakohoa, Mama akaridhika. Chini ya njia kijito kilikuwa kinanguruma, kimejaa maji ya theluji. Halafu Mama, kwa sauti ileile ya kuulizia sukari, akasema:

"Na huko ofisini, unaanza lini?"

"Jumatatu, Mama."

Nikawatazama wote wawili. "Ofisi gani?"

Msumeno akawa anazungusha chai kwenye kikombe.

"Nauliza ofisi gani?"

"Makao makuu," akasema. "Mjini. Kitengo cha vibali."

"Vibali? Wewe? Wewe uliyekuwa ukikaa mbali na dirisha darasani unaumwa kichwa?"

"Wamesema madirisha yapo."

"Sikuulizi madirisha! Kwa nini?"

Ndipo akainua macho. Baridi nzima sijayaona yale macho. Akasema taratibu, "Muulize Mama."

Mama akafunga chupa ya chai, akaikaza, akaikaza tena. "Nilimwambia mwaka jana. Ulikuwa jikoni. Nilimwambia mtu wa mlima simpi binti yangu. Aache mlima kwanza, apate kazi ya kurudi nyumbani jioni, ndipo arudi kwangu. Na nikamwambia asikwambie."

"Mama! Kwa nini asiniambie?"

"Ungetangaza."

"Mimi?"

"Nimesema uongo?"

Msumeno akatazama pembeni. Nilitaka kulia na nilitaka kurusha kikombe, na kikombe ni cha watu.

"Kwa hiyo mlikaa kwenye sebule yetu mkanigawa kama kitambaa," nikasema. "Mmoja apime, mwingine akate. Na mimi nipo jikoni nachemsha maji!"

"Redio..." akaanza.

"Usiniite Redio. Simu zangu ulikuwa unaziona?"

"Nilikuwa naziona."

"Ukawa unafanya nini?"

"Naitazama inaita. Mpaka inyamaze." Akaweka kikombe chini. "Niliahidi. Nilifikiri nikivumilia tu, nikipata hiyo kazi, nitakuja kwenu mchana kweupe. Nikaomba hii safari ya mwisho kwa sababu... Nilitaka niipite njia hii na wewe, kabla sijaiacha."

"Na nani kakuambia mimi nataka karani? Mimi nilimpenda mtu anayenuka gome la mti! Huyo wa vibali simjui. Sijawahi kukutana naye popote."

"Utanizoea."

"Sitaki kukuzoea!"

Ndege wakaruka kutoka kwenye msonobari. Mama akasimama, akakung'uta sketi yake juu ya yale mabuti makubwa. "Haya. Njia haijaisha," akasema, lakini sauti yake haikuwa na ule ukali wa getini. Akaongeza, bila kumtazama mtu, "Wewe hujui kuolewa na mtu wa mlima, mwanangu. Mimi niliolewa na mgongo. Kiangazi kikianza, namwona mgongo wake unapita geti. Miaka yote. Ukiniuliza sura ya baba yako siku hizi, nahangaika. Mgongo wake ningeweza kukuchorea."

Msumeno akachukua kamba yake, akapita mbele.

*

Juu ya Sofa kuna Korongo la Kivuli, na hapo, wapandaji wangu mnaonisikia kila asubuhi, ndipo ninapowasumbua sana. Jua halifiki. Theluji inabaki hadi kiangazi kimekolea, na kijito kinapita chini yake kinaila kwa ndani. Kwa juu unaona uwanja mweupe mzuri wa kupigia picha. Kwa chini ni tundu. Anayetangulia anapigapiga fimbo kabla ya kila hatua.

Alipiga. "Ngumu!"

"Ngumu," Mama.

"Ngumu," mimi.

Akasogea, akapiga. "Ngumu!"

"Ngumu."

"Ngumu."

Akapiga tena. "Laini kulia! Kaeni kushoto!"

"Laini kulia," Mama akasema, na nikamwona anapeleka mguu wake kushoto sawasawa, mdogo ndani ya lile buti kubwa, kama mtoto aliyevaa vya mzazi.

Zamu yangu. Nikafungua mdomo.

Jamani, haikutoka. Sikuwa nimenuna, naapa. Ila nilikuwa nimemtazama. Ule mgongo. Koti la njano lilelile, limepauka mabegani, limeshonwa kiraka kwenye kiwiko na mtu asiyejua kushona, na Jumatatu litatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi na halitalowa tena. Nikaona mvua ya siku ile, sikio kavu na sikio lililolowa. Redio ikazimika.

Msumeno akasimama, kama sheria inavyosema. Macho mbele. 

"Laini kulia," akarudia.

"Laini kulia," Mama akaitikia. "Redio?"

Sikuweza.

Na yeye akageuka.

Hakugeuza kichwa tu. Aligeuka mtu mzima, mwili wote, katikati ya korongo, na uso wake, sijui niwaelezeje. Mtu aliyefanya kazi hii miaka, anayewafundisha wageni wasigeuke, alikuwa ananitafuta nyuma ya bega la mama yangu kama mtu anayetafuta mtoto sokoni. Aliponiona nipo, nimesimama, nalia tu, sura yake ikalainika yote. Tukatazamana. Baridi nzima ikapita pale katikati yetu.

Halafu theluji ikasema *fuu*, na mpenzi wangu akazama mpaka pajani.

"Wewe!" Mama akapiga kelele. "Kamba! Redio, lala chini, lala!"

Tukalala kifudifudi. Msumeno akaturushia ncha ya kamba yake, Mama akaishika kwanza, mimi nikamshika Mama kiunoni, tukavuta. Maji yalikuwa yananguruma huko chini yake. Alikuwa anasema, "Niko sawa, niko sawa," huku midomo imebadilika rangi. Tulivuta, Mama anatukana theluji matusi ambayo sikujua anayajua, na akatoka kwa mkupuo mmoja, akatuangukia. Buti lake moja lilitoka bila soli. Soli ilibaki huko na kijito.

Tukajikokota hadi upande wa pili, penye mwamba mkavu na jua. Nikamshika uso kwa mikono yangu miwili mbele ya mama yangu na sikujali.

"Umeumia? Umevunjika? Nijibu!"

"Hukuitikia," akasema, meno yanagongana. "Nilidhani... hukuitikia."

"Unasimama! Wa mbele anasimama, hageuki! Wewe ndiye uliyenifundisha!"

"Najua."

"Sasa kwa nini umegeuka?"

"Sijui," akasema. "Nilijikuta."

Hapo ndipo tukasikia sauti. Mama alikuwa amekaa juu ya mwamba, kajishika tumbo, anacheka. Alicheka mpaka leso ikamwanguka kichwani. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kitu kingine, akajifuta macho kwa kiganja, na tope likambaki shavuni.

"Mama?"

"Hapahapa," akasema. "Korongo hilihili. Baba yako. Mimi nilikuwa msichana tu, nimekuja na binamu zangu, sijui kuitikia, nimeshangaa maua. Akaita, sikujibu. Akageuka. Akaingia mpaka hapa." Akajigusa kiunoni. "Binamu zangu wakamcheka yule mwongozaji hodari. Mimi sikucheka. Nikasema moyoni, huyu amekwisha, huyu ni wangu."

"Hukuwahi kuniambia."

"Nilisahau." Akatikisa kichwa. "Hapana, sikusahau. Nilikasirika nikaifunika. Maana baada ya hapo alikuwa hodari kweli, hakugeuka tena. Si hapa, wala pale getini nikiwa nimesimama nakushika mkono unampungia. Nikaulaumu mlima miaka yote hiyo." Akautazama mguu wa Msumeno, soksi inavuja maji. "Mlima umefanya nini? Mlima umekaa tu."

Msumeno alikuwa anatetemeka, nikamvisha koti langu, halimtoshi, mikono imeishia kwenye viwiko.

"Una nini cha kuvaa miguuni?" Mama akamuuliza.

"Nina sandali za mpira, Mama. Zile za kuvukia mto."

"Zitoe."

Akazitoa kwenye begi. Mama akainama, akaanza kufungua kamba za mabuti ya baba. Alizifungua polepole, tundu kwa tundu. Ndani alikuwa amevaa soksi juu ya soksi na bado vitambaa vya cherehani vimejazwa kwenye vidole, vyekundu, vya maua, vya mistari. Akavitoa vyote akavitia mfukoni. Akayasukuma mabuti mbele ya Msumeno.

"Vaa."

"Mama, haya ni ya Mzee. Siwezi."

"Nimesema vaa, usinibishie, nimechoka."

Akavaa. Na jamani, yalimkaa. Akasimama, akapiga hatua, akaangalia chini, akaniangalia mimi. Mama naye aliyaangalia yale mabuti yakiwa yamejaa mguu wa mtu, akageuza uso kidogo kuelekea bonde, kisha akarudi.

"Sasa hebu niambie," akasema, anafunga mikanda ya zile sandali juu ya soksi zake. "Haya unaweza kwenda nayo kwenye ofisi ya vibali?"

"Hapana, Mama."

"Watakufukuza mlangoni. Unawachafulia sakafu."

"Ndiyo, Mama."

"Na huko ofisini ukigeuka, utamwona nani? Kabati?"

Nikaanza kucheka na kulia pamoja, kitu ambacho siwashauri, kinaziba pua.

"Mama," Msumeno akasema, sauti ndogo, "nilikupa ahadi."

"Na mimi nakurudishia. Ichukue, mwanangu, ilikuwa nzito hata kwangu." Mwanangu! Si kijana. Nilimsikia kwa masikio yangu yote mawili. "Jumatatu wapigie simu hao watu wa mjini waambie umepata dharura ya kifamilia. Halafu uje nyumbani. Na huyu safari hii asiwe jikoni. Chai nitachemsha mimi."

Hapo nikamkumbatia mama yangu hadi akalalamika mbavu.

Tulifika kibanda cha juu, tukakagua paa, tukala mkate, tukakausha soksi kwenye jua. Msumeno akafunga kamba nyekundu kuzuia watu korongoni, na njia ya kuzunguka kwa juu akaisafisha. Kwa hiyo kesho nikitangaza, nisikilizeni: tope la kifundo hadi Sofa, maji juu ya njia, korongo limefungwa, zungukeni juu. Nasema kwa upendo.

Wakati wa kushuka ulipofika, Msumeno akajipanga mbele. Mimi nikajipanga nyuma, mahali pangu. Katikati pakabaki wazi, pakimngoja Mama.

Mama hakuja. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, soksi kwenye sandali, leso kaifunga upya, tope bado liko shavuni.

"Wewe Redio, sogea mbele. Kaa nyuma ya mwenzio."

"Na wewe, Mama?"

"Mimi nina sandali za watu, natazama miguu yangu. Sina muda wa kuangalia nani kafanya nini huko mbele." Akatupungia mkono tuende. "Kwa hiyo mtu akigeuka, mimi sijaona."

Tukaanza kushuka. Jua lilikuwa mgongoni mwetu, msitu unadondoka, mabuti ya baba yanatua mbele yangu, moja baada ya jingine.

"Jiwe linacheza!" akaita.

"Jiwe linacheza," nikasema, "tena limekaa kama meza ya shangazi yangu ile yenye mguu mfupi, unaikumbuka, ukiweka kikombe tu..."

Mabega yakaanza kutetemeka. Akasimama mahali pakavu, akapima kwa mguu, akahakikisha.

Akageuka.